Gogo la Baba na Kalenda ya Likizo

Jumatano, 27 Agosti

Balaa! Bosi wetu Raewyn ametangaza kwamba likizo zote sasa tutaziandika kwenye kalenda ya pamoja, ndani ya simu. Anayetangulia kuandika ndiye mwenye siku. Dukani kwetu haruhusiwi kukosekana zaidi ya mtu mmoja. Nikafungua mbio. Jumatatu, siku msimu wa kuvua dagaa mtoni unapofunguliwa, ina jina tayari. Trevor! Trevor wa bohari, ambaye hata kompyuta huwashiwa!

Marehemu baba aliniachia mahali pake mtoni. Hapa mjini kwetu Hokitika, mahali pa dagaa humwambii hata mkeo. Usiposimama hapo siku ya kwanza ukaja kumkuta mwingine, huna pa kushtaki. Ni pake msimu mzima. Siwezi kupapoteza mimi, Nevil Pascoe!

Alhamisi, 28 Agosti

Nimegundua kalenda haina mlinzi. Kila mtu anaweza kugusa jina la mwenzake! Nikamhamishia Trevor Jumatano, nikajiweka mimi Jumatatu. Safi kabisa.

Si safi. Saa ya chai Trevor akasoma simu yake kwa sauti: Nevil amehamisha likizo ya Trevor. Loo! Kumbe kidude kinasema! Kimewatumia wote! Trevor akaniambia, "Babu wee, hata wizi una shule yake." Watu wakacheka hadi chai ikawatoka puani. Raewyn akamrudishia siku yake.

Ijumaa, 29 Agosti

Mwenye akili hakwami. Likizo ina foleni, ugonjwa hauna. Nimeandika: Jumatatu, Nevil, daktari wa meno. Raewyn mwenyewe kanipa pole, eti nitafunie upande wa pili. Roho iliniuma kidogo. Kisha nikajiandikia kumbukumbu kwenye simu: wavu, buti, nyuma ya zizi la Havill, penye gogo, maji yakianza kujaa.

Jumatatu, 1 Septemba

Siamini. Nimefika alfajiri, shavu nimelifunga kitambaa, endapo nitakutana na mtu. Nimekuta magari yamejaa! Kwenye gogo la baba amesimama Raewyn, buti hadi mapajani, wavu majini. Kando yake Trevor. Nyuma yao dereva wetu na mkewe, wanakaanga kimanda cha dagaa. Dagaa wangu! Trevor akapiga kelele, "Karibu mgonjwa, daktari bado hajafika!" Nikauliza nani kawaonyesha. Akanipa simu. Kalenda ya pamoja. Maneno yangu mwenyewe, zizi, gogo na yote!

Nikamlilia Raewyn kwamba hapo ni pa baba. Akasema, "Mungu amrehemu baba yako, lakini yeye hakupatangaza kama wewe." Kisha akanitupia funguo: kwa kuwa jino limepona, nikafungue duka. Nimeuza misumari siku nzima na kitambaa shavuni. Chozi limenitoka.

Jumanne, 2 Septemba

Kosa si langu. Kosa ni la watu kusoma mambo ya wenzao! Hata hivyo, jana jioni nilizunguka mto nikapata mahali pengine, bora kuliko pa baba. Hakuna kiumbe anayepajua. Ili nisipasahau nimepaandika sasa hivi kwenye simu, pamoja na njia ya kufikia. Ajabu, simu zote dukani zimelia kwa pamoja. Watu hawa kutwa kucha wako kwenye simu, kazi watafanya lini?