Mashine Iliyouliza kwa Upole

Inatangazwa kwa wote, walio hai na wanaosubiri uhakiki, kwamba Idara ya Urahisi imepata mashine yenye saikolojia. Mimi bibi yenu, darasa la saba, ni Mjumbe wa Kamati nikiwakilisha Watu Wasioelewa. Cheo sikuomba, walinitazama tu, wakakubaliana.

Mashine inahakikisha mtu yu hai ndipo apewe kadi ya dawa. Mtaalamu wa hisia alitushauri kwamba kumwuliza mtu "Umekufa?" ni ukavu wa macho. Kwa hiyo inauliza kwa upole: "Hujafa?" Chini kuna vitufe viwili, NDIYO cha kijani na HAPANA chekundu. Kijani hutuliza moyo.

Mzee wangu alitangulia, vidonge vyake vya presha vimebaki vitatu. Akasoma, akabonyeza NDIYO, yaani ndiyo, bado nipo. Mashine ikasikia kufa, ikasikia ndiyo, ikafunga jalada. Karatasi ikatoka: "Pole kwa msiba. Kadi imefutwa."

Nikawa mjane nimemshika mkono.

"Mama watoto, nimekosea wapi?" akauliza marehemu.

Kufikia saa sita walishafariki mia na kumi, wote watu wa adabu.

"Mashine haina kosa," alisema Mkurugenzi. "Anayedai yu hai alete barua yenye saini yangu."

"Baba, si ubadilishe swali tu?"

"Bibi, swali lilipita kwenye kamati. Wewe mwenyewe uligonga meza."

Kweli niligonga. Kila mtu aligonga.

Mkurugenzi akasogea kutuonyesha sisi wajinga. Akasoma, akatabasamu, akabonyeza kijani. Pole kwa msiba.

Hatukucheka. Tulivua kofia.

Karani akafunua kanuni: saini ya marehemu haitambuliki, atasaini mjumbe wa kamati aliye hai. Wajumbe wenzangu wote walishabonyeza kwa mfano mwema. Nikasogezewa kiti na kalamu. Nikamfufua mzee wangu kwanza, akaenda kuchukua dawa bila hata kuaga.

Mkurugenzi akapenya hadi mezani. "Bibi, nisainie haraka, nina kikao."

"Kitendawili."

"Bibi, tafadhali."

"Kitendawili."

"Tega."

"Anapumua, anatoka jasho, ana kikao, lakini hayupo."

Akafikiri kwa dhati, wajukuu zangu. Akakuna kidevu. Hakumjua.

"Nipe mji," nikasema.

"Chukua ofisi yangu, bibi, mradi unisainie."

Nikauchukua mji. Jibu nitampa zamu yake ikifika. Mbele yake wamebaki marehemu mia na tisa.