Kila Jirani na Tumbawe Lake

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye Kasuku wa ghorofa ya juu amepata wageni tena. Sita. Nimewahesabu kwa viatu vilivyovuliwa mlangoni pake. Watu wazima wamepanda ngazi zote zile kumsikiliza ndege akiwatakia asubuhi njema saa kumi jioni! Mimi nina tangi la maji ya chumvi, samaki wawili na tumbawe laini lenye umbo la uyoga, pana kama sahani. Tangu binti yangu aolewe, hakuna mgeni aliyeketi hapa. Upweke umenichosha.

Ila leo nimepata wazo. Tumbawe laini ukilikata, kila kipande hukua kikawa tumbawe zima. Nitampa kila jirani kipande. Hawana tangi? Hapo ndipo penye ujanja. Vipande vitakaa kwangu, na wenyewe watalazimika kuja kuvitazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata kwa wembe. Vipande vinane. Gundi imegoma kushika, maana tumbawe lililokatwa hutoa ute na kuteleza kama sabuni. Nimevibana kwenye vijiwe kwa wavu wa vitunguu. Maji yamechafuka. Samaki wamejificha nyuma ya pampu, hawataki kuniona.

Nimepitisha barua chini ya milango saba: hongera, wewe ni mmiliki wa tumbawe, karibu ulitembelee Alhamisi saa kumi jioni. Kipande cha nane nimemwandikia mlinzi wa getini. Ameuliza kinachemshwa kwa muda gani. Mwenye Kasuku nimemruka makusudi. Na yeye aonje kuachwa nje.

Alhamisi, 6 Machi
Shati nimelipiga pasi. Viti nimevipanga. Saa kumi, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Baadaye mlango ukagongwa, moyo ukanipaa. Msoma mita. Nikamwonyesha vipande vyote vinane, kimoja kimoja. Akasema, kwa adabu, kwamba bado ana nyumba kumi na nane.

Chai ya wageni nimeinywa mwenyewe. Vipande navyo vimenywea, vimejikunja kama vimenuna. Nina huzuni, wala sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya. Asubuhi nimepeleka barua za pili: tumbawe lako linaumwa, njoo haraka.

Saa tisa amekuja Muuguzi, yule mjane mstaafu wa ghorofa ya chini, mwenye kipande namba nne. Kaja na kipimo cha presha. Amesema barua hakuielewa, lakini aliyeiandika hapaswi kuachwa peke yake. Akanifunga mkono, akanipima. Presha safi. Nikamwambia mgonjwa ni yule ndani ya maji. Akamtupia jicho mara moja tu, halafu akavuta kiti, akaniuliza mara ya mwisho nimekula na mtu lini. Nikamjibu kwamba samaki hula mara mbili kwa siku. Nikamwomba pia asogee kidogo, kivuli chake kilikuwa kinaangukia namba nne.

Akacheka. Ana kicheko kizuri. Akasema hata yeye bado hajazoea kupika chungu kidogo, kila siku chakula kinabaki, basi kesho mchana nishuke tule wote.

Kesho! Siku ya kubadilisha maji! Nikamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Nikamwahidi kuwa tumbawe lake litafunguka baada ya wiki tatu, arudi wakati huo. Akakunja kipimo chake, akaniaga. Ziara ya mafanikio makubwa.

Jumamosi, 8 Machi
Maji nimebadilisha. Saa saba mchana nikasikia hatua kwenye ngazi, nikachungulia. Muuguzi, na sufuria mikononi imefunikwa kitambaa. Nikaiweka kola sawa. Akapita mlango wangu, akaendelea kupanda. Punde kikasikika kicheko chake juu ya dari, na cha Mwenye Kasuku, na ndege akiwakaribisha mezani.

Nimekula mkate nimesimama. Iliniuma, tena sana. Nusura nipande nikagonge, lakini ningesema nimefuata nini? Nikakaa mbele ya tangi hadi jioni, nikalipima jambo hili bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona. Kipande nilichompa kilikuwa kidogo mno. Kesho namkatia kikubwa.