Foleni Isiyotaka Kufika Mbele

Kamandi ya kambi ilitangaza, kwa heshima kubwa na kwa mhuri wa duara, kuwa malalamiko yote katika foleni ya vibali vya lango yamekomeshwa. Foleni yenyewe haikukomeshwa. Hiyo haikuwamo kwenye mpango wa mwaka.

Tangazo lilikuwa kweli tupu. Mwezi mzima hakuna aliyenung'unika mbele ya dirisha la Bwana Nigam, karani wa vibali, kwa sababu hakuna aliyefika mbele ya dirisha la Bwana Nigam.

Mleta maendeleo hayo alikuwa Avantika, binti wa Brigedia Katoch, mkuu wa kambi. Miaka kumi na sita, shule tisa, maana jeshi humhamisha baba mtu kama unavyohamisha kitanda kutafuta penye hewa. Alipohamia mji huu wa Awadh, kaskazini mwa India, hakuwa na rafiki hata wa kumwazima raba. Ila kila akipita langoni aliwaona vinyozi, madobi na wauza maziwa wamesimama, jua la Mei likiwachoma utosi, wakingoja kibali cha mwezi mmoja cha kuingia kambini kufanya kazi, ambacho kukipata huchukua majuma matatu.

Roho ikamuuma. Akaomba bohari mabenchi manane na turubai. Akapanga mitungi ya maji. Wake wa maofisa wakachanga majani ya chai, sukari, na sambusa za viazi zenye chatne ya mnanaa. Foleni ikakaa. Ikanyoosha miguu. Wakamfundisha Avantika kucheza karata, na kuziiba. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akawa na mahali ambapo akichelewa, watu wanauliza yuko wapi.

Sasa, watu wa Awadh wana adabu mpaka inaumiza. Wawili wakikutana mlangoni, huyu "tangulia wewe", yule "hata kidogo, wewe kwanza", mpaka mwenye nyumba anakwenda kulala. Watu wa namna hiyo, halafu uwape na chai!

"Wa kwanza!" aliita Bwana Nigam.

"Mzee Sharafat, tangulia," akasema Phoolmati, dobi.

"Mimi kinyozi nimtangulie mama mwenye wajukuu saba? Nitaficha wapi uso?"

"Basi muuza maziwa."

"Aka! Sambusa yangu bado ya moto."

Bwana Nigam akaandika katika ripoti: muda wa kusubiri dirishani, sifuri. Makao makuu yakamtumia barua ya pongezi.

Kisha vibali vya zamani vikaisha muda wake. Kambi ikabaki bila kinyozi, bila dobi, bila maziwa. Nywele za Brigedia zikafika kwenye ukosi. Kapteni mmoja akaanza kufanana na mshairi aliyeachwa na mke. Sare zikajikunja, hata ukatoka waraka wa kueleza kuwa hiyo ni mikunjo ya muda, ya kimkakati.

Jumatano, mezani, Brigedia alitazama chai ya rangi kikombeni mwake akalipuka.

"Ijumaa Jenerali anakuja kukagua! Nimpigie saluti na kichwa hiki? Foleni hiyo isipokwisha, mabenchi yako yatakuwa kuni."

"Si yangu, Baba. Ni ya watu."

"Ni ya bohari!"

Avantika alikimbia langoni. "Mzee Sharafat, nakuomba. Chukua kibali. Wewe mmoja tu, wengine watafuata."

Mzee alipuliza chai yake. "Mwanangu, nimenyoa humo ndani miaka thelathini. Vichwa arobaini kwa siku, na wote wamekaa isipokuwa mimi. Leo nimepata kiti, unaniambia niinuke?"

"Watalichoma hilo benchi."

"Basi waje wenyewe walichukue, mimi nikiwa juu yake."

Avantika alikaa akafikiri hadi mitungi ikaisha maji. Kisha akarudi nyumbani, akafungua Kanuni za Lango, ukurasa wa kumi na nne: *kibali kitatolewa kwa mstari*.

"Soma, Baba. Imesema mstari wa nani, wa raia au wa ofisi?"

Brigedia alisoma mara tatu. Alipindua hata jalada. Haikusema.

Ijumaa asubuhi, kwa amri halali iliyotiwa saini katika nakala nne, ofisi ilipanga foleni mbele ya raia. Bwana Nigam na mhuri wake, Meja wa usalama na daftari, Brigedia na kofia aliyoishindilia kama kifuniko cha sufuria inayofurika.

Mzee Sharafat alifuta mdomo. "Wa kwanza!"

"Brigedia, tafadhali tangulia," akasema Bwana Nigam.

"Sogea mbele, Nigam!"

Karani akasogea. "Mzee wangu, tunaomba upokee kibali."

"Nitajuaje kama wewe ndiye karani? Una picha mbili?"

"Sina."

"Barua ya ajira?"

"Iko nyumbani."

"Haya, simama pale pembeni, ukiitwa uje."

Gari la Jenerali likasimama. Jenerali akashuka, akatazama raia waliokaa kivulini na maofisa wanaoungua juani.

"Foleni ya nini hii?"

"Ya kuwaomba wapokee vibali, Jenerali," alisema Meja.

"Inaanzia nyuma kule, bwana mkubwa," akaongeza Phoolmati kwa upole.

Jenerali hakuwa amesimama nyuma ya kitu chochote kwa miaka thelathini na minane. Akaenda.

Jua likapanda. Jasho likamtoka Brigedia chini ya kofia. Akamwita bintiye kwa sauti ya chini. "Avantika, mwanangu. Hayo mabenchi… hakuna mtu anayeweza kusogea kidogo?"

Phoolmati akasogea. Brigedia akaketi, akapewa chai ya maziwa, nzito, yenye iliki, na sambusa mbili juu ya kipande cha gazeti. Akafumba macho.

"Brigedia Katoch!" aliita Mzee Sharafat. "Zamu yako."

Brigedia akafumbua jicho moja, akaitazama sambusa, akautazama mstari.

"Jenerali atangulie," akasema, akanyoosha miguu.