Hotuba ya Kupokea Ufunguo wa Shule Kuukuu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Ushauri wa Sera, ambalo mimi ni Mkurugenzi Mkuu wake, mlezi wake na, kwa wiki tatu sasa, kaimu naibu wangu mwenyewe. Wasomi wetu watatu, Daktari wa Uchumi, Daktari wa Sheria na Daktari wa Elimu, ambao hakuna hata mmoja anayetibu. Mwalimu Mkuu wa shule hii tunayoifunga leo. Wazazi, walezi, wanafunzi mia mbili na kumi na nane mliopangwa mstari uani na mikoba yenu mgongoni. Na wengine wote ambao itifaki imewazingatia bila kuwataja: salaam! (Makofi ya madereva wa msafara.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao nasema bila kujisifu kwamba hamtaupata kwa kiongozi mwingine, ili kutekeleza jambo moja tu. Kabla ya saa sita mchana, Mwalimu Mkuu atanikabidhi ufunguo wa shule hii kuukuu, nami nitautia katika bahasha hii ya kaki, kisha wanafunzi wote watatembea kwa nidhamu hadi Shule Mpya. (Mwalimu Mkuu anaufumbata ufunguo mpaka vidole vinabadilika rangi.)

Kwa nini tunafunga? Daktari wa Sheria ameeleza bayana, katika maoni yake ya kurasa tisini, kwamba mtaa mmoja hauwezi kuwa na shule mbili za umma, na Shule Mpya, ndugu zangu, si ya kuchezea: ina ghorofa mbili, madarasa kumi na manane, maktaba, maabara na vyoo ambavyo ukifungua bomba maji yanatoka, na tangu ianze kazi ufaulu umepanda kwa asilimia thelathini na nne nukta saba, jambo ambalo katika fremuweki yetu linaitwa impakti. (Fundi cherehani, mama wa watoto wawili, kutoka nyuma: "Iko wapi hiyo?")

Dada yangu, maswali yamepangiwa nafasi katika ratiba, ingawa nafasi hiyo imefutwa ili kuokoa muda. ("Kaka, mimi nimezaliwa hapa hapa. Nyuma ya soko kuna dimbwi, nyuma ya dimbwi kuna makaburi. Hiyo ghorofa mmeiegesha wapi?" Kicheko.) Ukurasa wa arobaini na moja, dada. (Kicheko zaidi.)

Basi niwaeleze tulivyohakiki, maana kuna watu hata jua likichomoza watadai risiti. Daktari wa Uchumi, alipoandika maoni yake kuhusu faida za Shule Mpya, hakukurupuka. Alijiridhisha kwanza kwamba ipo, kwa kusoma maoni ya Daktari wa Sheria. Daktari wa Sheria naye ni mtu makini, hamwamini mtu hivi hivi. Alisoma maoni ya Daktari wa Elimu. Na Daktari wa Elimu, kabla hajaandika sentensi hata moja, alikaa siku nne akisoma maoni ya Daktari wa Uchumi. Tumehakiki mara tatu! Ni kama kigoda cha miguu mitatu, hakiyumbi! (Bibi mmoja: "Kimesimama juu ya nini, mwanangu?") Juu ya utafiti, bibi. Na kwamba hatukwenda kuitazama, wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nasi kwa kuwa tuna macho, hatukuambiana.

Ile asilimia nayo si ya kubuni. Shule Mpya haikujibu dodoso letu, barua tatu zote zilirudi, kwa hiyo tulitumia matokeo ya shule iliyo jirani nayo kabisa, yaani hii. (Mwalimu Mkuu: "Hao ni wanafunzi wangu, Mheshimiwa. Nimewafundisha kila Jumamosi mwaka mzima, kwa chaki ninayoikata vipande vitatu.") Na tunakupongeza, mama, kwa mchango wako katika mafanikio ya Shule Mpya! Mimi mwenyewe nimehudhuria wekshopu kumi na moja kuhusu madarasa, zote hotelini, kwa sababu mtu hawezi kuliona darasa vizuri akiwa ndani yake.

Sasa nikisema "Sera juu!", mtajibu "Juu zaidi!" Sera juu! (Wazazi: "Na watoto je?") Jibu ni "Juu zaidi". Tutarudia mbele ya safari.

Mwalimu Mkuu, sogea na ufunguo. Usiogope, mama, bahasha haiumi. Unasemaje? Anasema ataukabidhi, lakini mlangoni pa Shule Mpya, akishaona watoto wake wamekaa. Busara hiyo! Haya, wanafunzi, geukeni kulia. Mwalimu, waongoze. ("Tangulia wewe, Mheshimiwa. Sisi huko ni wageni, mwenyeji ni wewe.") Mimi? Daktari wa Uchumi, tangulia. Mbona unamtazama Daktari wa Sheria? Daktari wa Sheria, mbona unamtazama wa Elimu? Na wewe, Daktari wa Elimu, mbona unamtazama wa Uchumi? (Kicheko kinaanzia mstari wa darasa la kwanza na kupanda.) Dereva, wewe ndiye uliyetuleta, njiani uliona… hapana, usijibu. ("Niliona dimbwi, bosi.") Nimesema usijibu!

(Mwalimu Mkuu anatia ufunguo mfukoni. Anakwenda uani, anaokota kipande cha chuma, anagonga kengele mara tatu. Mistari inavunjika, watoto wanarudi madarasani mbio.)

Mwalimu! Nani ameruhusu… Katibu, hayo usiandike. Ngoja. Andika hivi: ilipotimu saa sita kasoro dakika nne, wanafunzi wote mia mbili na kumi na nane waliingia madarasani kwa furaha kubwa. Madarasa yapi? Ya Shule Mpya, Katibu, usiniulize mambo ya kitoto. Kile kibao kilichoandikwa SHULE MPYA kitolewe kwenye buti la gari langu kipigiliwe hapo juu ya mlango. Ile kuukuu imefungwa rasmi, na atakayeuliza imekwenda wapi asome ukurasa wa arobaini na moja. Mwalimu, ufunguo baki nao, shule mpya haikosi mlango. Sera juu! (Watoto, kutoka madirishani: "Juu zaidi!") Safi sana!

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wasomi wetu, namshukuru seremala wa kibao, na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi wazazi, pamoja na bibi hapo, kwa kuinua kuta hizi na kuezeka paa hili kwa mikono yenu miaka ishirini na sita iliyopita bila kungoja maoni yetu, kwani mngetungoja, leo tusingekuwa na shule mpya ya kuzindua.