Madirisha Yenye Vivuli

Jumatatu, 8 Machi 1999
Nina miaka sabini na mbili. Nimeishi zaidi ya Mzungu wa mkonge aliyenifuta kazi, malori mawili, na daktari aliyenikataza chumvi. Kompyuta ndiyo itanishinda?

Ninazo tatu hapa Ruiru. Moja ya misheni, moja ya ofisi iliyofungwa, na ya tatu Makau, fundi wa redio wa Thika, aliiunga kwa vipande. Ijumaa Madam Wilkister wa chuo cha taipu anakuja kuchagua mahali wasichana wake watajifunzia: kwangu, ama kwa Waithira, mwenye kompyuta zake ng'ambo ya barabara. Ngina mke wangu amesema wasipokuja kwangu, chumba kinarudi kuwa cha vifaranga. Chumba changu!

Jumanne, 9 Machi
Makau ameleta programu ya kupamba madirisha, yale masanduku ya maandishi kwenye kioo. Sasa dirisha linaingia likipepea. Lina kivuli kama mtu. Na unaona ng'ambo yake! Nyuma nimeweka picha ya maporomoko ya Chania. Ya Waithira yanafunguka tu, kama ya choo.

Ya misheni ilipepea vizuri. Ya ofisi ilifikiria kwanza. Makau akasema, Guka, yaani babu, hii memori yake ni kidogo, tutoe vivuli. Nikamwambia mimi nimepandisha lori bovu mlima wa Kinale na mzigo wa viazi. Zote zitavaa sare moja.

Alhamisi, 11 Machi
Vumbi baya. Nimezivika vitambaa vya Ngina vya kufuma, vile vya makochi. Mbele, juu, nyuma. Makau akalia ati niache matundu ya nyuma zipumue. Nikamuuliza redio yangu, iliyo chini ya kitambaa tangu Uhuru, imepumua lini. Akaokota bisibisi yake. Nimeshinda.

Ijumaa, 12 Machi
Madam amefika. Viatu vya kisigino.

Kompyuta ya misheni: barua ikaingia ikipepea. Madam akainama, akavaa miwani, akasema Mzee, naona maji, sioni barua. Nikamweleza huo ndio ufundi.

Ya ofisi: dirisha likaanza kujikunjua. Ngina akaleta chai. Tukanywa. Likafika nusu. Madam akauliza kama limekufa. Nikasema hapana, lina heshima.

Ya Makau: moshi. Kitambaa chenye maua kikashika moto! Makau alikimbia nacho nje akipiga kelele. Ngina alililia kitambaa, si mimi.

Madam alivuka barabara. Waithira alimfungulia mlango kabla hajabisha. Huyo mama alikuwa dirishani muda wote, la nyumba.

Jumatatu, 15 Machi
Vifaranga wameingia. Ngina alitaka kuwasha jiko la makaa kuwapasha joto. Nikamwambia ngoja, mke wangu. Nikawasha ile ya misheni na vivuli vyote, nikaivika kitambaa. Ikachemka kama sufuria ya githeri. Vifaranga wote wakajipanga nyuma yake na kulala.

Kwa Waithira, kifaranga angekufa baridi. Madirisha yake hayana joto hata kidogo.

Nimemwita Makau aongeze vivuli viwili kila dirisha. Amesema atakuja na ndoo ya maji. Asiyeamini amuulize yeye, nyusi zake zilizoungua zitamweleza. Ama Ngina, akianza tena kuongea na mimi.