Namna ya Kugawana Kadi Mkiwa Wachache

Jumamosi, 3 Mei

Nimechapwa tena. Mechi tatu, nimepoteza tatu. Kadi mbaya, kiti kibaya, jirani mbaya.

Tuko wanne. Mimi, karani wa masijala. Shemeji, kaka yake marehemu mke wangu, mpima macho. Mwalimu wa hesabu, mstaafu, anakaa ghorofa ya chini. Na Fundi cherehani, mwanamke asiye na huruma. Mke wangu ndiye aliyetufundisha sote. Sanduku lilikuwa lake: kadi mia tatu na sitini, hakuna mbili zinazofanana. Kila mtu anapewa pakiti ya kadi kumi na tano. Unachagua moja, zilizobaki unampitishia wa kushoto kwako, unapokea za wa kulia. Zikiisha, pakiti nyingine. Mwishoni kila mtu anaunda jeshi kwa kadi alizochagua, mnapambana.

Kushoto kwangu anakaa Fundi. Maana yake mabaki yangu yote yanaangukia kwake, na kwa mabaki hayohayo ananichapa. Mwaka mzima!

Ningeacha. Lakini nyumba hii ina sauti Jumamosi tu. Shemeji hapandi ngazi za ghorofa nne kwa ajili ya sura yangu. Anapandia kadi. Mchezo ukifa, naye simwoni tena, na nikimkosa yeye sina mtu. Basi, nimeshaandika. Mchezo hautakufa. Ila na mimi lazima nishinde.

Jumatatu, 5 Mei

Kazini, nyuma ya rafu za majalada, nimefunuliwa! Mkiwa wanne tu, pakiti uliyoifungua inakurudia ikiwa bado na kadi kumi na moja. Kwa hiyo nachukua kwanza kadi ya pili kwa ubora. Ile bora kabisa naiacha izunguke, inanirudia. Nakula huku na huku. Sharti ni moja: wale watatu waione takataka.

Nimempigia Mwalimu saa nne asubuhi. Nikamwambia, kwa kupita tu, kwamba nimemchunguza Malkia wa Nzige na ni kadi ya kipuuzi. (Ndiyo kadi hatari kuliko zote sandukuni.) Mwalimu akauliza kama niko salama. Fundi nimemwandikia ujumbe uleule. Shemeji nimemwacha, hana hila.

Jumamosi, 10 Mei

Malkia katokea kwenye pakiti yangu ya kwanza. Bahati iliyoje! (Nilichanganya mimi.) Nikamwacha, nikachukua nyingine, nikapitisha huku napiga miayo.

Fundi akamnyakua pakiti haijatua mezani. Baadaye akaeleza kwamba mtu akikuandikia Jumatatu asubuhi kuiponda kadi, hiyo ni kadi ya kuchukua.

Damu ikanichemka. Tangu hapo nikazoa kila kadi niliyodhani Fundi anaitamani, si kwa kuitumia, bali yeye aikose. Nyeusi, nyekundu, bluu, nyeupe, kijani. Nilijiona mjanja kwelikweli mpaka tulipoanza kuunda majeshi. Jeshi linaruhusiwa rangi mbili. Nilikuwa na kadi tisa tisa za kila rangi. Niliingia vitani na kijikundi cha kutia aibu.

Mwalimu alikuwa ametulia kwenye kona yake, anachukua tulivyosahau. Kashinda zote.

Jumanne, 13 Mei

Nimeandika kanuni mpya, vipengele sita, nikapiga na muhuri wa masijala. Kipengele cha nne: mshindi wa wiki iliyopita anangoja wenzake wachague kadi mbili mbili ndipo aanze. Kwa ajili ya usawa.

Jioni nikampelekea Mwalimu nakala yake. Akaisoma amesimama mlangoni. Akasema kwa miaka thelathini na minane amefundisha watoto wanaobadilisha sheria wakishindwa, na amekwisha kustaafu. Akanirudishia karatasi. Alikuwa amesahihisha kosa kwenye kipengele cha pili.

Tumebaki watatu.

Jumamosi, 17 Mei

Watatu kuna utamu wake. Pakiti zinarudi haraka, kwa hiyo nimezifanya za kadi kumi na nane, na zile mbili za mwisho za kila pakiti zinazikwa: zinawekwa kifudifudi pembeni, hakuna wa kuzitumia. Shemeji akasema ni wazo zuri. Nilifurahi kupita kiasi.

Tatizo ni kwamba kaburi lilikuwa sakafuni, kando ya mguu wa kiti changu. Na ndani nilikuwa nimezika, kwa makosa, kadi ambayo jeshi langu lilikuwa likiililia. Nikainama kama mtu anayejikuna kifundo cha mguu.

Fundi aliona. Hakupiga kelele. Akaweka kadi zake chini, akazinyoosha, akasema: “Kaka, mimi mchana kutwa napima watu wanaovuta tumbo ndani. Hapa nilikuja kupumzika.” Akasema angeweza kumvumilia mtu anayefungwa vibaya, lakini sanduku hili ni la dada, na dada hakuwahi kudanganya mezani. Akachukua mkoba wake, akaenda. Visigino vyake nilivisikia ghorofa zote nne.

Shemeji alikuwa anafuta miwani yake. Aliifuta muda mrefu sana.

Alhamisi, 22 Mei

Wawili. Hali ni mbaya. Nimeshinda na wasiwasi tangu Jumapili. Wawili wakigombana hakuna wa tatu wa kusema yaishe.

Lakini mfumo upo! Unapanga kadi tisa wazi, tatu kwa tatu. Mmoja anachukua mstari mzima, wa kulala au wa kusimama, mwenzake anachagua mstari katika zilizobaki. Nimefanya mazoezi kazini kwa majalada, sakafuni. Anayeanza ana faida, nimehakikisha mara kumi na nne.

Mara ya kumi na tano Mkuu wa masijala alikuwa amesimama mlangoni, mimi nimepiga magoti. Nikasema nakagua majalada. Akafurahi. Akasema kwa muda mrefu ametafuta mtu wa kukagua yale ya chumba cha chini, yote.

Jumamosi, 24 Mei

NIMESHINDA! Tatu kwa sifuri! Nilianza mimi kila mara, Shemeji hakubisha. Alichukua nilichobakiza, akacheza, akafungwa, akanipa mkono, akaaga mapema.

Nikawa napanga kadi zake sandukuni, naimba. Malkia wa Nzige alikuwemo, kwenye mstari nilioubakiza mimi. Alikuwa naye mechi zote tatu, rangi ni ileile ya jeshi lake, na hakumtia jeshini hata mara moja.

Aliniachia.

Nimempigia hapohapo. Nikamwambia amenidharau nyumbani kwangu. Akasema: “Shemeji, nimechoka na kadi. Jumamosi ijayo nitakuja, lakini tusicheze. Tukae tu.” Akasema mwaka mzima amekuwa akija ili tumzungumzie dada yake, maana hana mwingine wa kumzungumzia naye. Na kila akianza, mimi nachanganya kadi.

Nikamwambia sawa.

Ijumaa, 30 Mei

Nimelitafakari kwa siku sita. Tukae tu! Mtu gani hupanda ghorofa nne akakae tu? Jumatano nilikaribia kumwamini, nikalia kidogo kule chumba cha chini, jalada likalowa. Lakini leo akili imenirudia. Hii ni mbinu. Anataka nije mezani moyo umelegea, sijajiandaa, halafu atoe sanduku yeye.

Hanipati. Nimeshatengeneza mfumo wa watu wawili unaochezeka huku mmoja anaongea. Vijifungu vitatu vya kadi, kifudifudi, kando ya birika. Unachungulia cha kwanza. Ukikipenda unachukua, usipokipenda unakiongezea kadi moja na kusogea cha pili. Hauna kelele kabisa. Yeye aongee, na mimi nitaitikia kwa dhati, kwa sababu na mimi nina mengi ya kusema juu ya mke wangu. Akiinamia kikombe, nachungulia.

Akilia nitamsubiri, mimi si mnyama. Ila muda huo utahesabiwa kwenye zamu yake.