Meno ya Gari la Marehemu

Kharumwa, Nyang'hwale
14 Juni

Kwa Shemeji Stanslaus,
Msimamizi wa Mirathi ya Ukoo,
Kalangalala, Geita.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA EDSON KWA KUYAPAKA WEUSI MENO YA GARI LA BABA YAKE

Shemeji, shikamoo.

Sisi huku ni wazima, mpunga umeingia ndani, na yule mbuzi uliyetuachia amezaa mapacha. Habari njema zimeishia hapo.

Siku tulipoanua matanga uliniambia kwamba katika kikao cha ukoo cha Jumamosi ijayo neno langu ndilo litakaloamua Prado ya marehemu Amosi, mume wangu na mdogo wako, iende wapi. Ama ibaki kwa kijana wetu Edson, ambaye sasa anapata riziki kwa kubeba wagonjwa na wanunuzi wa dhahabu kuwapeleka Geita, ama auziwe Gregory wa Kagongwa ambaye ameitamani tangu marehemu yu hai. Uliniomba nifikiri bila haraka. Nimefikiri. Nimepitia pia shajara yangu, kwa sababu sipendi kumshtaki mtu kwa hasira tupu isiyo na tarehe. Neno langu ni kwamba Edson anyang'anywe gari. Sababu nazitoa kwa namba ili atakayesoma kikaoni asipate pa kuruka.

1. Prado ile ilikuwa na meno. Unaikumbuka grili yake ya nikeli, jinsi ilivyokuwa ikiwaka juani hata watoto wa mtaa wakawa wanakuja kujitazama kama wana mapengo. Baba Edson aliisugua kila Jumamosi kwa kipande cha khanga iliyochakaa na dawa ya meno, tena dawa bora kuliko aliyotununulia sisi wenye meno ya mfupa. Alipofariki niliirithi kazi hiyo. Mimi sina subira ya khanga na dawa ya meno. Nilitumia stilwaya na majivu, kama ninavyofanya kwa sufuria, na sufuria zangu hapa Kharumwa zinajulikana. Sikukosa Jumamosi hata moja. Edson alikuwa akisimama pembeni na kuniambia, "Mayu, pumzika, jua kali," nami nilidhani anauonea huruma mgongo wangu. Kumbe ana lake. Tarehe 9 Mei alikwenda huko kwenu Kalangalala kwa fundi anayeitwa Marcel, akarudi na gari lenye mdomo mweusi kama wa mtu aliyetafuna mkaa. Grili nyeusi, nembo nyeusi, ule urembo wa ubavuni mweusi, hata vishikio vya milango. Nilimuuliza ni nani mwingine amefariki. Akasema ndiyo fasheni.

2. Gari halitambuliki tena. Kuanzia hapa mpaka Geita mjini kila mwenye gari la juu amelipaka mdomo huo huo. Kijana akipata gramu mbili za dhahabu hanunui godoro, anakimbilia kopo la kupuliza. Matokeo yake yamenipata mimi. Tarehe 23 Mei nilikuwa sokoni na ndoo ya dagaa, nikaona Prado yenye mdomo mweusi imesimama. Nikafungua mlango, nikaweka dagaa, nikaketi nyuma, nikaanza kumsema Edson kwa kunichelewesha. Dereva akawasha gari, tukaondoka. Nilimsema kuhusu kuchelewa, kuhusu viatu vyake, kuhusu uvivu wa kusali. Alipoipita kona ya kwetu nikauliza kama sasa ameisahau hata nyumba ya baba yake. Ndipo akageuka na kuniambia kwa adabu, "Mama, mimi naitwa Mwita, mtu wa Tarime. Lakini endelea tu, mengi unayosema hata mke wangu huwa ananiambia." Alinirudisha hadi mlangoni na nauli akakataa. Sina neno na Mwita. Neno langu ni kwamba mjane wa ukoo wako ameshushwa mchana kweupe kutoka gari la mwanamume asiyemjua, na jirani yangu Mama Ghati alikuwa nje anaanika udaga wake wa muhogo. Mpaka leo ananiuliza, "Yule mgeni wenu hajambo?"

3. Rangi yenyewe haina msimamo, na hili ndilo linalonitisha kuliko weusi wake. Nilimpigia simu huyo Marcel nimuulize amelipaka gari la marehemu kitu gani. Akanijibu kwa fahari, kama daktari anayemtangazia mtu amepona: "Mama, usiwe na wasiwasi, hiyo si rangi ya kudumu. Ukiichoka unashika pembe, unavuta, inatoka kama ngozi ya nyoka." Shemeji, rangi isiyodumu ni ya nini? Mlango wa nyumba yako ulipakwa bluu mwaka uliooa. Hadi leo ni wa bluu, na hadi leo umeoa. Kijana anayechagua rangi yenye mlango wa kutokea anajifunza kutoka. Leo ni grili. Kesho ni ndoa, na mkewe Loveness nimekwisha kumtahadharisha, ingawa alicheka. Keshokutwa ni jina la ukoo. Mwisho atakwenda makaburini na kopo lake aupulize weusi msalaba wa baba yake, na nikipiga kelele ataniambia, "Mayu, inabanduka."

Baba Edson alinunua dhahabu katika machimbo haya maisha yake yote, na hakuna punje aliyoilipia kabla ya kuikwaruza. Wachimbaji walimcheka, wakisema akipewa chai atakwaruza kikombe. Alikuwa akiniambia, "Suzana, kitu kikija kimejifunika, kikwaruze kwanza, ndipo utukane." Mtu wa namna hiyo, mwanawe wa kumzaa amelifunika gari lake.

4. Wewe ni mfugaji, kwa hiyo nitasema lugha yako. Sisi Wasukuma ng'ombe tunamwita kwa rangi yake. Ukimtuma mchungaji akamtafute yule mwenye baka jeupe usoni, anajua anatafuta nani. Je, ukiamka ukakuta mwanao amempulizia baka lile weusi kwa sababu ng'ombe wote wa mjini siku hizi wana nyuso nyeusi, utamsifu kwa fasheni? Akipotea utamtangaza vipi? Akizaa ndama mwenye baka, jirani atasema ni wa kwake, na utakwenda baraza la kata kuthibitisha kwa kucha. Nakuomba uliulize swali hili kikaoni polepole, wazee wapate muda wa kuliogopa.

5. Edson anajitetea kwamba rangi hiyo inalinda. Nilipomuuliza inalinda nini akatazama chini. Nikamuuliza inalinda dhidi ya nani akatazama pembeni. Yaani chuma kilichovuka bahari kutoka Japani, kikastahimili mawe ya barabara ya Kharumwa na mbuzi wa watu, leo kinahitaji kuvalishwa soksi ya mpira kutoka kwenye kopo. Hoja yenye nguvu ina macho ya kutazamana nayo. Jana amempeleka Loveness kwa wazazi wake Shinyanga, wamekwenda kwa basi, gari ameliacha uani. Kabla ya kuondoka akaniomba jambo moja tu, kwamba nisilisafishe. Sasa nimefukuzwa hata kwenye kazi yangu ya Jumamosi, na aliyenifukuza ni mtu niliyemfundisha kunawa uso.

6. Kwa hayo yote naomba ukoo utekeleze yafuatayo. Ufunguo uchukuliwe mbele ya kikao. Gregory aitwe na kuuziwa gari, kwa masharti kwamba aape kwa mkono juu hatapaka kitu. Marcel aitwe naye, aibandue kazi yake kwa kucha zake mwenyewe, huku wazee wakitazama, na wakichoka wapewe uji wakae tena. Na kwa kuwa ugonjwa huu umeenea, wewe unayefahamiana na diwani umshauri kila gari lisajiliwe na rangi ya mdomo wake, na mwenye kuubadilisha atangaze kanisani na msikitini kwa majuma matatu kama mtu anayetaka kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mimi nitajitokeza kila mara.

Najua utasema nikimnyang'anya Edson gari atakula nini. Atalima. Baba yake alianza na jembe, na jembe halina grili.

Msalimie Apolonia mke wako, umwambie ile mbegu ya karanga imeota yote. Wasalimie watoto, wajukuu, mchungaji wako wa ng'ombe na ng'ombe wenyewe, hasa yule mwenye baka. Huku Mama Ghati anawasalimu, ingawa hastahili.

Ni mimi shemeji yako, niliyesema bila kuficha kitu,

Suzana, Mama Edson.

Nyongeza, jioni ya siku hiyo hiyo. Nikiwa natafuta bahasha nilikumbuka kwamba nimetukana kabla ya kukwaruza, na Baba Edson asingenisamehe hilo. Nikatoka uani. Nikashika pembe ya ile rangi chini ya taa ya kushoto, nikavuta kidogo. Marcel hakudanganya, inatoka kama ngozi ya nyoka. Nikeli imo ndani, shemeji, safi, nimeuona uso wangu. Kule pembeni ambako mgongo haukuniruhusu kufika, iko vile vile alivyoiacha Amosi. Nikavuta tena kuja katikati, pale nilipokuwa nikisugua. Pamekwaruzika mistari mistari ya stilwaya, na ndani ya mistari kutu ilikuwa imeanza kuota kabla haijafunikwa. Edson alikuwa akiyatazama hayo kila Jumamosi, amesimama pale juani. Hakuniambia niache. Alifunika tu.

Kwa hiyo kikaoni usisome chochote kilichotangulia nyongeza hii, isipokuwa salamu. Karatasi sikuzitupa kwa sababu nimeziandika vizuri. Neno langu ni kwamba gari libaki kwa Edson, na Gregory atafute jingine.

Kisha nina shida ndogo. Nilivuta zaidi ya kidogo, na sasa gari linaonekana kama lina pengo la kuzidi. Mtoto anarudi Alhamisi. Tafadhali nenda kwa Marcel, usimtaje mtu, ununue kopo moja la ile nyeusi isiyong'aa, umpe kondakta wa basi la asubuhi alilete. Nitapuliza mwenyewe. Stilwaya nimempa Mama Ghati.